Matanga ya Mtu Aliye Hai

Mwanangu Somoe,

Salamu sikuandikii. Muda huu uko nyumbani, hatua chache tu kutoka hapa karakana, na chai ya alasiri umeniletea wewe mwenyewe. Hali yangu umeiona. Ninachoandika ni kile ambacho nimeshindwa kukitamka siku nane mfululizo. Kila nikifungua mdomo nakuta nazungumzia mbao. Mafundi nimewaruhusu mapema, benchi nimelifagia, na kalamu niliyonayo ni ileile ya risasi ninayopigia mistari, kwa hiyo ukiona mwandiko mnene usishangae.

Kesho unapanda ndege kurudi India kwenye masomo yako. Mambo ya kula vizuri, kutunza pasi ya kusafiria na kutoazima watu masweta, mama yako ameshayasema na atayasema tena. Yangu ni mengine, na si mazuri.

Nianze na daftari lako la safari. Jumapili ya juma lililopita, tulipomaliza kula, ulilifungua juu ya mkeka ukatuonyesha ramani uliyoichora kwa penseli za rangi. Mwezi wa kumi chuo chenu cha ufamasia kinafungwa kwa sikukuu yao kubwa, na wewe na wenzako wawili, yule Rehema wa Tanga na yule msichana wa Zambia, mmepanga kwenda Nepali kwa siku nane. Treni usiku mmoja na mchana wake mpaka mpakani, hapo mnagongewa viza, halafu basi la siku nzima kupanda milima hadi Katmandu. Siku ya nne mnaamka alfajiri kwenda kwenye kilima kilicho nje ya mji, kwa kuwa wakati huo mvua zao zimekwisha, mawingu yameondoka, na milima ya theluji inaonekana yote kwa mstari. Ulikuwa umeandika hata nani atabeba chupa ya maji. Mama yako akauliza kama theluji ina harufu. Ulicheka, ukasema hujui, ukifika utamwandikia.

Mimi nikauliza, "Nani kafa huko?"

Ulidhani nakutania. Ukasema hakuna aliyekufa, mnakwenda kutembea tu. Nikauliza tena, basi nani anaoa, nani anaumwa. Sikuwa natania, mwanangu. Sisi tuliotoka Newala, safari tunayoijua ina sababu: msiba, harusi, ugonjwa, kazi, watoto kutoka jandoni au unyagoni. Mtu kuacha kitanda chake akapanda treni na basi kwenda kuangalia mlima, arudi mikono mitupu, kwangu hilo lilikuwa jambo la watu waliokosa la kufanya. Ukanipa ile karatasi ya bweni lenu, inayosema msichana atakayelala nje zaidi ya usiku mmoja lazima awe na ruhusa ya mzazi kwa maandishi. Nikasema nitafikiria, nikaikunja nikaitia mfuko wa shati.

Sikufikiria. Nilikuwa nimeshaamua kabla hujafunga daftari.

Kesho yake nilikwenda kwa jirani yetu Bwana Elia, yule karani, kwa sababu anajua Kiingereza na ana taipureta. Nikamwambia aniandikie barua kwa matroni wa bweni lenu. Isemwe kwamba binti yangu asiruhusiwe kulala nje kwa sababu yoyote, na asiambiwe kuwa ni mimi niliyekataza. Chuo kitafute sababu yake chenyewe. Elia aliacha kugonga akanitazama. Akaniuliza, "Mzee Saidi, una hakika na hili?" Nikamwambia agonge. Barua nikaipeleka posta mwenyewe. Nilitaka ufike, mjipange na wenzako, halafu zikikaribia siku za safari uitwe ofisini uambiwe hapana, na mimi niwe huku mbali, nisiuone uso wako. Ukiniandikia kwa uchungu, ningekujibu pole mwanangu, bweni ni lao na amri ni zao.

Rudia kusoma hapo kama huamini. Aliyefanya hivyo ni mimi baba yako.

Utauliza kwa nini sikukukataza waziwazi, mbele ya mama yako, kama baba. Nilikuwa naona haya. Mtaa mzima unajivunia kwamba binti wa fundi seremala wa Keko anasomea dawa ng'ambo, na mimi ndiye ninayejivuna kuliko wote. Nikikukataza, nitaulizwa sababu, na sababu sina. Njia ya kumzuia mtu bila kuonekana naijua, kwa sababu nilishaitumia mara moja, na nilidhani iliniendea vizuri.

Unakumbuka matanga ya Mjomba Chitanda? Ulikuwa na miaka minane. Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, watu wanaitana ndugu mpaka sokoni, na mama yako alikuwa katika ushirika wa kushona wa akina mama wa hapa Keko. Wakaalikwa na wenzao wa kijiji kimoja cha ujamaa huko karibu na Moshi: siku saba, lori limepatikana, wakaone wenzao wanavyolima na kufuga, na wakauone Mlima Kilimanjaro. Mama yako ndiye aliyekuwa mwandishi wa ushirika, jina lake la kwanza kwenye orodha. Alijishonea gauni jipya. Wiki mbili hakuwa na habari nyingine. Kila Mchaga aliyempata alimwuliza kama ni kweli kule juu kweupe ni barafu, na kama ukikutazama sana macho yanauma.

Nilikuwa sitaki aende. Nimetafuta sababu nzuri kwa miaka yote hii na kila mara narudi kwenye zilezile. Niliogopa wenzangu wa barazani watasema mke wa Saidi kapandishwa lori akaangalie mlima. Na niliogopa zaidi kwamba atarudi ameona kitu ambacho mimi sijakiona, aanze kunieleza, nami niwe wa kusikiliza tu. Lakini kumkataza nisingeweza. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa amesimama mkutanoni akasema mwanamume anayemzuia mkewe kwenda kujifunza ni mabaki ya ukoloni, na mimi nilikuwa mstari wa mbele napiga makofi. Kitu kimoja tu kingeweza kumzuia bila mtu kubisha, nacho ni msiba. Basi nikamuua Mjomba Chitanda.

Siku mbili kabla ya lori kuondoka nilirudi nyumbani nikakaa chini mlangoni. Nikamwambia mama yako kwamba nimekutana na mtu kashuka na meli ya Mtwara, kanipa habari kuwa Mjomba hatunaye. Wewe unajua kwetu sisi mjomba ndiye mwenye ukoo, sisi akina baba ni kama wageni tu. Mke wa mtu hawezi kwenda matembezini wakati mjomba wa mumewe hajamaliza hata siku tatu kaburini. Masika yalikuwa yameshaifunga barabara ya Rufiji, na meli isingerudi Mtwara kabla ya wiki mbili, kwa hiyo hakuna ambaye angetuambia twende kuzika. Nilikuwa nimepanga kila kitu.

Nilidhani tutatandika mikeka miwili, watu waseme pole, basi. Nikasahau nakaa mtaa gani. Jua halijazama, uani hapapitiki kwa wanawake, huyu kaja na unga, yule na mchele, mwingine na kuni kichwani. Wanaume wakakalia mabenchi yangu ya kuuza. Shehe akaja kusoma. Wazee wa kwetu wanaokaa Temeke walikuja kwa miguu kunishika mkono, na mmoja wao alilia kwelikweli, kwa sababu Mjomba ndiye aliyemsimamia jandoni. Nawe ulilia. Ulikuwa unampenda kwa sababu ya korosho zake. Ulilia mpaka ukapitiwa na usingizi mapajani pangu, na mimi nakupapasa kichwa, huku najua yule mtu yuko kwake Newala, labda wakati huo anakula. Ningeweza kusimama nikasema ukweli. Nilikaa.

Lori liliondoka asubuhi ya siku ya tatu. Lilikuja na wimbo kutoka mbali, na lilipokaribia kwetu wale akina mama wakanyamaza kwa heshima ya msiba, wakapita kimya. Mama yako alikuwa uani anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

Mwaka uliofuata Mjomba akaja mwenyewe na meli, kabeba kikapu. Hilo najua unalikumbuka, maana ulipiga ukelele ukaingia uvunguni, na ilibidi ahesabu vidole vyake mbele yako, uone si mzimu, ndipo utoke. Mtaa ulicheka siku nzima. Nikasema habari zilichanganywa, aliyekufa alikuwa Chitanda mwingine. Mjomba akakaa barazani akasema, "Nyie watu mmekula matanga yangu, mie mwenyewe sijaonja hata kijiko." Tukacheka wote. Mama yako naye alicheka, akampikia pilau. Moyo wangu ukatulia, nikaona yamekwisha. Miaka mingine mitano ilipita ndipo Mjomba akafa kweli, na nilipokwenda kuzika sikuweza kulia mbele za watu. Niliona kama kila mtu ananikagua.

Mama yako hakuomba tena kwenda popote. Wenzake walikwenda Dodoma, walikwenda Unguja, kila wakimpitia anasema ana kazi za nyumbani. Uandishi wa ushirika akauacha. Lile gauni alikugeuzia wewe ulipokua. Nami nilikuwa nikimsifu kwa watu kwamba nimeoa mwanamke mtulivu. Sisi maseremala tunajua kuziba ufa kwa gundi na unga wa mbao, ukishapiga vanishi mnunuzi haoni kitu. Nilidhani na ule nimeuziba.

Alhamisi ulinikuta hapa napima miguu ya meza. Ukakaa juu ya hilo gogo, ukasema, "Baba, asante kwa kulifikiria lile jambo langu. Hata ukikataa sitanuna. Najua huwezi kukataa bila kuniambia kwa nini." Ukabeba kikombe ukaenda zako. Mguu niliokuwa naukata ukatoka mfupi inchi nzima. Nikachukua mbao nyingine, nayo nikaiharibu vilevile, nikaacha kazi siku ile.

Leo asubuhi, ulipokwenda Kibamba kuaga kwa shangazi yako, nilimfuata mama yako chumbani. Alikuwa anakunja nguo zako. Na hili nalo lijue: sikwenda kutubu. Nilikwenda kumwomba akuambie yeye, kwa niaba yangu, kwamba Nepali haitawezekana, kwa kuwa wewe humbishii. Nikamweleza habari ya ile barua ya matroni tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliendelea kukunja nguo mpaka nilipomaliza. Halafu akasema, bila hata kunitazama:

"Na safari hii umemuua nani?"

Nilikaa kitandani juu ya nguo zako, akazivuta taratibu kutoka chini yangu, akaendelea. Akaniambia alijua tangu siku ya pili ya matanga. Mtu mmoja wa kwetu, aliyeshuka na meli ileile niliyoisingizia, alisikia kuna msiba wa watu wa Newala akaja kutoa pole. Alipotajiwa jina la marehemu alimwita mama yako pembeni, akamwambia marehemu huyo alimwacha juzi anapalilia shamba lake, mzima wa afya, na ndiye aliyemsindikiza njiani. Mama yako alimpa chai, akamwomba anywe haraka aondoke, na asimwambie mtu. Ilikuwa jioni. Lori lilikuwa bado halijaondoka, Somoe. Gauni lilikuwa limeshanyooshwa. Angeweza kulivaa asubuhi akapanda.

Nikamwuliza kwa nini hakupanda. Hapo ndipo alipoacha kukunja nguo.

"Ningepandaje? Watu wamejaa, shehe anasoma, mtoto analia. Nisimame niseme mume wangu mwongo, kisha nikuache peke yako na watu wale? Nilikusitiri, Saidi. Nikakaa kwenye mkeka, nikapokea pole za mtu aliye hai, nikakusitiri. Lakini kwa huyu mtoto sitakusitiri. Utamwambia mwenyewe."

Mwanangu, nimeishi na mama yako miaka ishirini na tatu. Kumi na miwili kati ya hiyo nilijiona mjanja, na yeye ananitazama kila siku anajua. Ananiwekea maji ya kuoga, anajua. Anacheka na Mjomba, anajua. Nimeona aibu ambayo sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuiona. Nilitoka nje nikasimama ukutani, na wapita njia wakinisalimu naitikia nisijue naitikia nini.

Nikaenda kwa Elia. Sikumweleza mengi, naye hakuuliza. Tulikwenda naye posta, nikapiga telegramu kwa matroni kwamba barua yangu ya kwanza ifutwe, na kwamba namruhusu binti yangu kwenda Nepali na wenzake. Telegramu ikichelewa, ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine aliyoigonga Elia kwa Kiingereza, sahihi ni yangu, na ile karatasi ya bweni nimeijaza. Matroni akikuonyesha ile barua ya kwanza, usikane kwamba ni ya baba yako. Mwambie baba yako aliandika zote mbili.

Usidhani nimetia sahihi kwa moyo mweupe. Naogopa. Naliogopa lile basi la kupanda milima, nauogopa mpaka na watu wake, naogopa baridi kwa mtoto wa Keko ambaye kiyoyozi tu cha benki kinampigisha chafya. Nikiwa mkweli zaidi, naogopa utapapenda. Leo Nepali, kesho kwingine, na huku kwetu uwe unakuja kama mgeni, unakaa kwenye ncha ya kiti. Hofu hiyo haijaondoka na sioni kama itaondoka. Ila nimeona leo kwamba ni yangu, na kwa miaka kumi na miwili nilimbebesha mama yako. Wewe sitaki uibebe hata mpaka uwanja wa ndege.

Nawe utakuja kuwa na mtu unayemwogopea, mume au mtoto. Sijui nikushauri nini, mimi si mtu wa kutoa ushauri leo. Ninachojua ni kwamba mwaka ule kulikuwa na neno moja ambalo lingetosha. Ningemwambia mama yako, "Naogopa." Labda angenicheka. Labda angeniambia nivae viatu tupande lori wote, maana mafundi wawili walikuwa wamealikwa kwenda kutengeneza madawati ya kijiji kile na nafasi zilikuwepo. Nililijua hilo siku zote. Sikusema neno, nikaona rahisi zaidi kumzika mtu.

Nilikuwa nimewaza nikupe barua hii kesho uwanjani, uisome ukiwa angani. Nimeona huo ungekuwa mchezo uleule. Nitakupa leo kabla ya chakula, na nitakaa hapohapo mbele yako unapoisoma. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kunyamaza, nitasubiri, na kesho nitabeba sanduku lako hata kama hunisemeshi.

Jambo la mwisho. Niliporudi kutoka posta nilimkuta mama yako anafunga kamba kwenye lile sanduku. Nikamwuliza kama bado anataka kwenda kuuona Mlima Kilimanjaro. Nikamwambia mabasi ya Moshi yapo kila siku, hata mwezi ujao tunaweza kwenda, mimi na yeye. Alikaza fundo kwanza, akalijaribu kama limeshika, ndipo akanijibu.

"Ungeniuliza wakati ule, Saidi. Nilikuwa nataka sana."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza kwamba duka ulilolifuata lilishafungwa siku nyingi, akaenda jikoni kukuandalia chakula.

Nenda, mwanangu, wakati bado unataka.

Baba yako,
Saidi